Jinsi ya kuona jeni za hamira zikiwashwa na shaba

Hamira hiyo hiyo ya mahamri inatosha kukuonyesha seli inavyowasha jeni sumu ya metali inapoingia. Sisi wa Mombasa tuna sababu ya kulijali jambo hili: metali ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri iliwadhuru watu wa mtaa wa Owino Uhuru. Lakini kwa jaribio hili tumia shaba. Risasi usiiguse kabisa.

Hatua ya 1. Vaa glavu. Yeyusha gramu 2.5 za mrututu (salfeti ya shaba) katika maji yaliyokenekwa, ufikishe mililita 100. Hiyo ni milimola 100 kwa lita. Zimua sehemu yake mara kumi, upate milimola 10.

Hatua ya 2. Otesha hamira katika mchuzi wa glukosi, chumvi za naitrojeni na vitamini. Usitie peptoni (protini zilizomeng'enywa). Mchuzi mnono hunasa shaba, ukadhani hamira yako ni sugu kumbe sumu haijaifikia. Hamira hupenda nyuzi 30, kwa hiyo joto letu linatosha.

Hatua ya 3. Jaribu milimola 0, 0.5, 1, 2 na 4. Chagua dozi inayochelewesha ukuaji bila kuua. Usinakili dozi ya mwenzako: aina za hamira hutofautiana kwa idadi ya nakala za CUP1, jeni ya protini inayofunga shaba, na zenye nakala nyingi huhimili zaidi.

Hatua ya 4. Gawa hamira changa mafungu mawili. A iache. B, kwa kila mililita 10, tia mililita 0.1 ya ule myeyusho uliozimuliwa, kisha subiri saa moja au mbili. Hapa ndipo penye utamu. Protini Ace1 imo ndani ya seli tangu awali; ikishika shaba hubadili umbo, ikaweza kushikamana na DNA jirani na CUP1. Ndani ya dakika chache jeni hiyo inasomwa kwa kasi, na protini yake ndogo yenye sisteini 12 (asidi amino zenye salfa) huifunga shaba. Papo hapo protini nyingine, Mac1, inayowasha jeni za kuingiza shaba, hunyamazishwa.

Hatua ya 5. Tia kiasi sawa cha A na B katika dozi uliyochagua, na pia katika mchuzi usio na shaba. Tikisa, kagua kila saa. Penye shaba, tarajia mchuzi wa B utangulie kupoteza uangavu, dalili kuwa hamira imeongezeka.

Hatua ya 6. Mbishi atasema umeua seli dhaifu tu, zikabaki imara. Hoja yake ni nzito, ijibu kwa jaribio: osha B, ioteshe usiku kucha bila shaba, kisha irudie pamoja na A. Ikiwa imerudi sawa na A, zilikuwa jeni zilizowashwa na kuzimwa. Ikiendelea kuongoza, huenda kweli umechuja seli zenye nakala nyingi.

Maji ya shaba usiyamwage kwenye sinki. Yakusanye katika chupa yenye lebo, umkabidhi msimamizi wa maabara.