Vipimo vya wateja wangu vinakaa kwenye simu

Nashona Ngamiani, Tanga. Masika ya mwaka juzi maji yaliingia kibandani usiku yakalikuta daftari la vipimo chini ya meza. Asubuhi wino wote umetawanyika, na nilikuwa na nguo 14 za harusi sijazikata. Nikawapigia wateja mmoja mmoja waje kupimwa upya. Wawili waliona nawasumbua, wakachukua vitambaa vyao. Iliniuma sana. Mafundi wengi ninaowafahamu wana simu nzuri kuliko yangu, ila kazi yake ni kupiga na kutazama video, ndiyo maana nawaelezea ninavyofanya.

Mteja nikishampima, naandika kwenye kikaratasi kwa kalamu nyeusi: bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu. Kikaratasi nakilaza juu ya kitambaa chake, napiga picha moja inayoonyesha vyote viwili. Sogea mlangoni penye mwanga, na angalia kivuli chako kisifunike namba. Kitambaa kikiwemo kwenye picha, huwezi kuchanganya wateja wawili walioleta vitenge vinavyofanana.

Ukiishia hapo, baada ya mwezi picha itakuwa imezama katikati ya picha za watoto. Mimi najitumia mwenyewe kwa WhatsApp. Tangu mwishoni mwa 2022 mtu anaweza kujiandikia: bonyeza alama ya kuanza mazungumzo mapya, na katika orodha ya majina utaiona namba yako. Chini ya picha andika maneno utakayoyakumbuka. Mfano: "mama wa samaki Deep Sea, gauni, kitenge cha njano". Usiruke hatua hii hata kama kibanda kimejaa watu. Mama huyo akirudi baada ya miezi sita, naandika "Deep Sea" kwenye sehemu ya kutafuta na picha inakuja, hata kama bando limekwisha. Kiuno na nyonga napima tena, maana mwili hubadilika. Bega na urefu kwa mtu mzima mara nyingi ni vile vile.

Siku mikono ina chaki sishiki kalamu, nasema tu. Kibodi ya Google imekuwa ikiandika Kiswahili kwa kusikiliza sauti tangu 2017. Ongeza Kiswahili kwenye lugha za kibodi, bonyeza alama ya kipaza sauti, kisha tamka polepole: "kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na mbili". Soma ulichoandikiwa kabla mteja hajaondoka. Cherehani ya jirani ikiwa inanguruma, simu husikia vibaya.

Kuna kengele pia. Watu wanaitumia kuamkia tu, kumbe kila kengele unaweza kuipa jina. Yangu ya Alhamisi saa kumi jioni inasema "kata gauni la mwalimu", siku mbili kabla hajalifuata. Tangu nianze hivyo sijamwambia mteja "njoo kesho".

Simu nayo inaibiwa na inaangukia maji kama daftari. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, upande wa mazungumzo, washa uhifadhi wa nakala kwenye akaunti yako ya Google. Bure unapewa GB 15, na picha za vipimo ni ndogo. Video uziache nje, ndizo zinazokula bando na nafasi. Zima na upakuaji wa video wa moja kwa moja. Makundi ya familia yalishawahi kunijazia simu hadi kamera ikagoma, mteja kasimama mbele yangu.

Mwisho, bonyeza *#06#. Zitatokea namba za utambulisho wa simu (IMEI) zenye tarakimu 15, simu ya laini mbili huwa na mbili. Zinakili kwenye karatasi uiweke nyumbani. Simu ikipotea, hizo ndizo utakazoulizwa polisi.