Kujenga kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo: anza na skrini

Wengi wanaanza na prosesa (ubongo wa kompyuta), wanakimbilia ile kali kabisa halafu wakifika kwenye kadi ya grafiksi (inayochora picha za gemu) hela imeshakata, na hapo ndo gemu zinakwama. We anza na skrini. Kama ni ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080) na 60Hz (inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde) basi kadi ya kutoa fremu, yaani picha, 200 kwa sekunde utailipia bure, maana skrini itakuonyesha 60 tu. Andika na gemu unazocheza kweli, sio zile unazotamani siku moja uzicheze.

Kadi ya grafiksi ipe karibu nusu ya hela ya mashine nzima. Kwa 1080p, Radeon RX 6600 yenye memori ya 8GB bado iko vizuri na inakula kama wati 132 tu. Ya 4GB achana nayo hata kama bei inavutia, gemu mpya zinajaza hiyo memori haraka na picha zinaanza kukatakata.

Prosesa, Ryzen 5 5600 inatosha kabisa, ina koa 6 (sehemu za kufanyia kazi kwa pamoja), na ile ya boksi inakuja na feni yake. Inakaa kwenye soketi (tundu la prosesa kwenye madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta) ya AM4 ambayo inatumia ramu za aina ya DDR4, wakati soketi ya AM5 inataka DDR5 tu, kwa hiyo usinunue ramu kabla hujajua unachukua madabodi gani. Na kama madabodi ni ya zamani kidogo, mfano B450, muulize muuzaji kama BIOS (programu ya madabodi inayowasha kompyuta) imeshaapdetiwa, la sivyo utawasha skrini ibaki nyeusi udhani umeuziwa kifaa kibovu. Hela ikiwa haifiki kabisa chukua 5600G, ile ina grafiksi ndani yake, utacheza gemu nyepesi huku unajichanga taratibu.

Ramu chukua vijiti viwili vya 8GB, sio kimoja cha 16, kwa sababu vikiwa viwili prosesa inasoma kwa njia mbili kwa wakati mmoja na fremu zinaongezeka, hili watu wanalipuuza sana. SSD (diski ya kuhifadhia gemu na mafaili) yoyote ya jina linalojulikana, sawa.

Sasa pawasaplai, ile inayogawa umeme kwa mashine nzima. Hapa naomba unisikilize. Niliwahi kubana hela hapo nikachukua ya bei chee isiyo na jina, ikaungua nikiwa katikati ya gemu na madabodi ikaenda nayo, nikanunua vyote viwili upya. Kwa mashine kama hii wati 500 au 550 zinatosha, ila iwe ya kampuni inayoaminika na yenye garantii, na alama ya 80 Plus isikudanganye, ile inapima upotevu wa umeme tu, haisemi kama ndani kuna kinga nzuri. Kadi ya mtumba nunua, lakini uione ikichezesha gemu nzito hata nusu saa kwanza. Pawasaplai ya mtumba hapana.

Keisi isiwe imezibwa na kioo mbele, hewa ipite.

Ukishaunga, ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kasi ya ramu), bila hivyo ramu yako ya 3200 itatembea taratibu kuliko ulivyolipia. Na kama umeweka kadi ya grafiksi, waya wa skrini chomeka kwenye hiyo kadi, sio kwenye madabodi.