Picha za mandhari, wanyama na majengo ya kale ukiwa matembezini, mi nafanya hivi

Wengi wakitaka kuanza kupiga picha za nje swali la kwanza ni kamera, ninunue ipi, lenzi gani, simu gani. Mi swali langu la kwanza ni sehemu gani unaweza kufika haraka na ukarudi tena wiki ijayo. Mandhari uliyoikuta safarini unaipiga na mwanga uliokuta siku hiyo, ukiondoka basi, ila kilima au bwawa au mnara ulioko karibu na unapoishi unaweza kuurudia mara 20, ukajua jua linatokea upande gani, ukungu unakaa siku za namna gani, ndege wanapenda kutua mti upi, alafu siku vyote vikikutana we ndo uko pale kamera mkononi. Kwaiyo chagua sehemu mbili tatu za karibu kwanza, mengine yote hapa chini yanategemea hilo.

Mwanga

Ukienda saa saba mchana jua likiwa utosini utarudi na picha zilizokauka, anga jeupe, vivuli vyeusi chini ya kila kitu, mnyama macho hayaonekani. Jua likiwa chini mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi zaidi kabla haujakufikia, bluu inatawanyika njiani inabaki ile nyekundu na rangi ya machungwa, na kwa vile linamulika ubavuni kila jiwe na kila tuta linatupa kivuli kirefu, hapo ndo ardhi inaonekana ina umbo.

Sasa zingatia hii, muda huo ni mfupi sana ukiwa karibu na Ikweta. Jua linatembea digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kila dakika 4, na maeneo ya Ikweta linashuka karibu wima kabisa, kwaiyo kuanzia digrii 6 juu ya upeo wa macho mpaka lizame una kama dakika 24 hivi. Sehemu za mbali kama Uingereza linashuka kwa mshazari, huko wanapata muda mrefu kidogo. Ndo maana kusoma maelezo ya mtu wa mbali eti una lisaa lizima la mwanga mzuri kunaweza kukuponza, unafika unakuta limeshaisha. Fika dakika 40 kabla, tafuta pa kusimama, weka stendi, piga za majaribio. Na jua likizama usifunge begi!! Dakika 15 hivi baada ya hapo anga inakuwa bluu nzito, na kama kuna jengo lenye taa huo ndo wakati wake, maana mwanga wa taa na wa anga unakaribiana, ukichelewa anga inakuwa nyeusi tii na taa zinababua.

Siku ya mawingu usikae ndani. Msituni na kwenye maporomoko ya maji mawingu ni bora kuliko jua kali kwa sababu mwanga unatawanyika na vivuli vinapungua, cha kufanya tu ni kuliacha lile anga jeupe nje ya fremu.

Mandhari

Kosa ninaloliona sana ni mtu kusimama, kunyanyua simu usawa wa uso, kupiga kitu kizima kwa lenzi pana kuliko zote, alafu anashangaa mlima uliokuwa mkubwa machoni umekuwa kama kichuguu. Lenzi pana inasukuma vitu vya mbali vionekane vidogo, inataka kitu cha karibu, jiwe, maua, njia, maji, shuka chini karibu na hicho kitu ndo picha itapata kina. Kama unachotaka ni mlima wenyewe basi badili lenzi, tumia ya zumu, ukate kipande tu, mara nyingi kipande kimoja chenye mwanga kinasema zaidi ya bonde zima.

Kwa wenye kamera, apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga, namba ya f ikiwa kubwa tundu linakuwa dogo) ya f/8 mpaka f/11 inatosha karibu kila mandhari. Usikimbilie f/22 ukidhani ndo kila kitu kitakuwa shapu, tundu likiwa dogo sana mwanga unajipinda kwenye kingo zake na picha nzima inalainika. ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga), stendi, alafu weka taimer ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera. Maji yanayotiririka jaribu shata (muda kamera inaoacha mwanga uingie) ya nusu sekunde uone, ukizidisha sana yanageuka moshi, mi napenda yabaki na mistari yake. Filta ya polaraiza, kioo unachokivalisha mbele ya lenzi, inasaidia sana kuondoa mng'ao kwenye majani na maji, na anga inaiongezea rangi ukielekea pembe ya digrii 90 kutoka lilipo jua, lakini ukiivalisha lenzi pana sana anga inatoka na baka moja jeusi katikati.

Simu? Futa lenzi kwanza, kweli kabisa, kitambaa safi cha pamba, mafuta ya vidole ndo chanzo cha ule ukungu kwenye picha zako za machweo. Washa gridi, ile mistari ya kwenye skrini, ili upeo wa macho usilale. Gusa sehemu unayotaka iwe shapu, shikilia mpaka fokasi na mwanga vijifunge, alafu telezesha kidole chini kupunguza mwanga kidogo, maana sehemu iliyoungua ikawa nyeupe kabisa huwezi kuirudisha lakini kivuli unaweza kukiinua baadae ukiwa unaediti.

Wanyama na ndege

Hapa ndo moyo wangu ulipo kwaiyo nitakaa kidogo.

Kwanza spidi. Kanuni ya zamani ni kwamba shata isiwe chini ya moja gawanya kwa mm za lenzi, lenzi ya mm 300 unataka angalau 1/300 ya sekunde, na kama kamera yako ina sensa (kile kipande kinachopokea picha) ndogo inayozidisha hizo mm mara 1.5 basi 1/450, weka 1/500 tu. Hiyo ni kwa ajili ya mtikisiko wa mikono yako, mnyama nae ana mwendo wake. Anayetembea 1/500 inafaa, anayekimbia nenda 1/1000, ndege anayeruka 1/2000 au zaidi kama mwanga unaruhusu. ISO ikipanda iache ipande, chengachenga inazoleta unaweza kuzipunguza kwenye programu ila picha iliyotikisika ndo hiyo imeshatikisika.

Pili, mita ya kamera, kile kipima mwanga cha ndani yake. Yenyewe inadhani dunia nzima ni kijivu cha wastani, inalazimisha kila kitu kifikie hapo. Ukijaza fremu na nyati mweusi itamng'arisha mpaka aonekane kapauka, kwaiyo shusha mwanga kwa stopu moja hivi (yaani ubaki nusu). Ukijaza fremu na ndege mweupe atatoka kijivu, ongeza. Lakini yule yule ndege mweupe akiwa mdogo kwenye fremu na nyuma yake kuna msitu wenye giza, kamera inahangaika na giza la msitu, inaongeza mwanga na ndege anaungua, hapo unapunguza badala ya kuongeza. Ukishaelewa hii utaacha kubahatisha.

Fokasi ni jichoni. Mkia ukiwa na ukungu hakuna atakayelalamika, jicho likiwa na ukungu futa. Na shuka usawa wa macho yake, lala chini kama ni salama, kama uko kwenye gari piga ukiwa chini kadri dirisha linavyoruhusu, lenzi iegemee kwenye mfuko uliojaa mchanga, injini imezimwa maana mtetemo wake unaingia mpaka kwenye picha. Kitu kingine kinachoharibu picha za mbali ni joto la ardhi, hewa ya moto inacheza cheza na hamna lenzi ya bei yoyote inayotibu hiyo, dawa ni asubuhi mapema au kusogea.

Kusogea lakini kuna adabu yake. Mnyama akiacha kula akakukodolea macho, tembo akitandaza masikio akakugeukia, ndege akianza kulia mfululizo huku anarukaruka juu yako, umeshapita mpaka, rudi nyuma taratibu. Kwenye hifadhi ya Yellowstone kule Marekani sheria inataka ukae mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu na mita 23 kwa wanyama wengine wengi, ni kipimo kizuri cha kuanzia akilini ila sheria ya eneo ulilopo ndo ya kufuata. Mi siungi mkono kabisa kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili aje, hasa msimu wa kuzaa, ndege anadhani mpinzani kavamia, anaacha kiota anakuja kupigana na spika. Kiota usikate hata tawi moja ili "kionekane vizuri", hilo tawi ndo lilikuwa linaficha makinda. Na kabla hujaposti picha ya mnyama adimu zima lokesheni, faili la picha linaweza kubeba alama za mahali ulipopigia na majangili nao wana intaneti.

Kinachobaki ni kukaa. Kaa sehemu moja lisaa, jua nyuma yako, upepo ukitoka kwake kuja kwako, usimfuate. Watu wanazunguka eneo zima wanarudi na migongo ya wanyama wanaokimbia, aliyekaa karibu na maji ndo anarudi na macho.

Majengo, minara, magofu

Tatizo la kwanza jengo linaonekana linaanguka kwa nyuma. Hiyo inatokea ukielekeza kamera juu. Rudi nyuma, panda sehemu ya juu kidogo, shika kamera wima sawasawa alafu ukate eneo la chini lililozidi. Angalia jengo limetazama wapi, la mashariki ni la asubuhi, la magharibi ni la jioni, na kumbuka jua halichomozi sehemu moja mwaka mzima, linahama mpaka digrii 23 hivi kila upande wa mashariki halisi hata ukiwa Ikweta, mbali na hapo linahama zaidi, kwaiyo ukuta ambao Juni hauguswi na jua unaweza kuukuta Disemba unawaka.

Ile picha ya mwezi mkubwa nyuma ya mnara watu wanadhani ni uongo, ni hesabu tu. Mwezi angani una upana wa nusu digrii, ukitaka ulingane na mnara simama mbali kama mara 110 ya urefu wa mnara. Mnara wa mita 20 maana yake kilomita 2.2, alafu zumu. Mwezi mpevu unachomoza karibu na muda wa jua kuzama, hapo ardhi bado ina mwanga. Mwaka 1941 Ansel Adams, mpiga picha wa mandhari wa Marekani, alisimamisha gari jimbo la New Mexico akitaka kupiga mwezi juu ya makaburi ya kijijini, akatafuta mita yake ya mwanga asiipate, akakumbuka mwangaza wa mwezi kichwani akapiga hesabu, akapata picha moja, kabla hajapiga ya pili mwanga wa jua ukaiacha misalaba ya makaburi.

Ukifikiria kuuza uliza ruhusa. Mnara wa Eiffel mchana ni ruksa, ila mpangilio wa taa zake za usiku una hakimiliki, kutumia kibiashara lazima uombe.

Ukirudi

Hamisha picha sehemu mbili tofauti kabla hujafuta memori kadi. Piga faili ghafi (RAW, data yote ya kamera kabla haijabanwa) kama kamera inaruhusu, JPEG, lile faili la kawaida la picha, inabeba ngazi 256 tu kwa kila rangi wakati faili ghafi la biti 14 linabeba 16,384, tofauti utaiona ukijaribu kuinua vivuli. Nyoosha upeo, rekebisha mwanga, rangi ongeza kidogo alafu upunguze nusu ya ulichoongeza. Mwisho andika kwenye simu ulisimama wapi, saa ngapi, mwezi gani, jua lilikuwa upande gani na nini kilikosekana, maana wiki ijayo unarudi pale pale.