Kuchapisha grafu za R bila ukungu

Ukipita dukani kwangu Kondele, Kisumu, msimu wa kuwasilisha tasnifu, utanikuta na rula mkononi. Nachapisha, najalidi, na siku hizi napima grafu. Huniuma sana kumwona mtu aliyeamka alfajiri miezi minane, akapanda mtumbwi pale Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kuchota maji ya kupima, halafu grafu yake inatoka na ukungu hata namba za mhimili hazisomeki. Wengi hudhani wino umeisha. Mara nyingi shida ilianza pale alipoihifadhi ile grafu, na ndiyo sababu niliketi nikajifunza R, programu ya takwimu wanayochorea grafu zao.

Amri ya png() usipoipa vipimo inakutolea picha ya pikseli (nukta za picha) 480 kwa 480. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukiacha pambizo za sentimita 2.5 kila upande, zinabaki 16. Tandaza pikseli 480 juu ya sentimita 16, kila inchi inapata pikseli 76 hivi. Printa yangu inachora nukta 600 kwa inchi. Haina pa kuzitoa hizo nyingine, kwa hiyo kila pikseli inageuka kijiraba, na mstari uliopinda unakuwa ngazi.

Dawa yake ni faili ya vekta, kama PDF, ambayo haibebi nukta. Inabeba maelekezo: anzia hapa, vuta mstari mpaka pale, unene kadhaa, andika neno hili. Printa ndiyo inayochora, kwa uwezo wake wote. Kwenye R unaandika hivi:

pdf("kina.pdf", width = 16/2.54, height = 10/2.54, pointsize = 10)
plot(tarehe, kina, type = "l", lwd = 1.5, xlab = "Mwezi", ylab = "Kina cha maji (m)")
dev.off()

pdf() inahesabu kwa inchi, ndiyo maana nagawanya sentimita kwa 2.54. Ukiacha vipimo wazi inakupa inchi 7 kwa 7, ambazo haziingii kwenye hizo sentimita 16 zako. Mstari wa mwisho, dev.off(), ndio unaofunga faili. Ukiusahau, faili utaiona kwenye folda lakini haifunguki, au inafunguka ikiwa tupu. Na kama unaendesha skripti (faili ya amri zako) kwa Rscript, yaani bila kufungua dirisha la R, na bila kufungua pdf() kwanza, grafu zako hazijapotea: tafuta faili iitwayo Rplots.pdf kwenye folda uliyoendeshea skripti.

Kwa wanaotumia ggplot2, kifurushi cha R cha kuchorea grafu, ni ggsave("kina.pdf", width = 16, height = 10, units = "cm"). Ukiwa ndani ya kitanzi cha for, kinachorudia amri zilezile, na umefungua pdf() mwenyewe, ifunge grafu yako ndani ya print(), la sivyo faili itatoka bila grafu.

Nikikazania jambo moja ni hili la ukubwa. Amua kwanza grafu itakaa kwa upana gani kwenye karatasi, ndipo uichore kwa upana huohuo. Kijana mmoja aliniletea PDF safi kabisa, vekta halisi, ila aliichora kwa upana wa inchi 20 ili ionekane vizuri kwenye skrini yake. Tulipoibana iingie kwenye sentimita 16, herufi zake za pointi 12 zilishuka chini ya pointi 4. "Anti, mbona kwa laptopu zilikuwa zinasomeka?" Zilikuwa zinasomeka, ndiyo. Vekta haipati ukungu, lakini inasinyaa pamoja na maandishi yake. Tulirudi kwenye skripti, tukabadilisha namba mbili, tukaendesha upya. Dakika tano. Angalia pia par(mfrow = c(2, 2)), inayopanga grafu nne kwenye ukurasa mmoja: R inapunguza maandishi yenyewe hadi asilimia 83, na ukifika safu tatu inashusha hadi 66. Ongeza pointsize, yaani ukubwa wa herufi, kufidia.

Uzuri wa kufuata vipimo hivyo unauona siku ya bango. A0 ni A4 iliyokuzwa mara nne kwa upana na mara nne kwa urefu. Faili ileile ya sentimita 16 inakuwa sentimita 64, herufi za pointi 10 zinakuwa 40, na ncha za mistari bado zimenyooka. Huhitaji kuchora upya.

Sasa fonti, yaani umbo la herufi. pdf() ya kawaida inatumia fonti ya Helvetica bila kuibeba ndani ya faili. Inategemea kompyuta itakayoifungua iwe na fonti hiyo au inayofanana nayo. Herufi zake pia zina mipaka: andika ≥ kwenye lebo, huenda ikatoka kama vitone. Mimi humwambia mteja abadilishe neno moja tu, aandike cairo_pdf() mahali pa pdf(), vipimo vibaki vilevile. Hapo fonti inasafiri ndani ya faili. Kuhakiki, fungua taarifa za faili kwenye programu yako ya kusomea PDF, sehemu ya fonti, uone kama zimepachikwa. Kwenye Linux, amri ya pdffonts inakuonyesha kwenye safu ya emb.

Kuna ramani zilizonisumbua wiki nzima. Mwanafunzi alikuwa amepaka rangi visanduku kuonyesha gugumaji lilivyotanda Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, na juu ya kijani kukawa na vistari vyeupe vyembamba kama wavu. Si kosa la data. Kila kisanduku kimechorwa peke yake, na mahali viwili vinapokutana karatasi inachungulia. Kama visanduku vyako vina ukubwa sawa, andika image(x, y, z, useRaster = TRUE). Ramani inaingia kama picha moja, huku mihimili na maandishi yakibaki vekta, na ule wavu unatoweka.

Vekta ina mahali inaposhindwa. Kipimajoto kinachorekodi kila dakika 10 kinakupa vipimo 52,560 kwa mwaka. Ukichora kila kimoja kama kiduara, faili inakuwa nzito, printa inaganda, na foleni nyuma yako inanung'unika. Kama unaonyesha mwenendo wa mwaka, chukua wastani wa kila siku, uchore mstari wa vituo 365. Kama lazima wingu lote la nukta lionekane, hapo tumia png("wingu.png", width = 16, height = 10, units = "cm", res = 600), na hutajuta.

Kwa LaTeX, programu ya kupangia maandishi, ingiza PDF moja kwa moja. Kwa Word za karibuni, na LibreOffice, badilisha amri iwe svg() kwa vipimo vilevile vya inchi, kisha uingize faili hiyo kama picha. Usipige picha ya skrini. Na ukinitumia kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, maana picha inayopita kule kama picha inabanwa na kupungua.

Kabla ya kuchapisha nakala tano, toa ukurasa mmoja wenye grafu. Kwenye dirisha la printa chagua asilimia 100, usiiache printa ibane ukurasa uenee. Kisha weka rula juu ya grafu, ukingo hadi ukingo, pamoja na nafasi nyeupe ya pembeni yake. Ikisoma sentimita 16, nikabidhi flashi, tuendelee na zile nne.