Kununua balbu wakati tyubu za zebaki zinaondoka

Mimi ni fundi umeme, na bado naona watu wakichagua balbu kwa wati. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni kama 800. LED hutoa kiasi hicho kwa wati 8 hadi 10.

Kisha soma kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga (namba ndogo ni wa manjano, kubwa ni mweupe zaidi): 2700 kwa chumba cha kulala, 4000 kwa meza ya kazi.

Ninalolisisitiza zaidi ni joto. LED yenyewe hudumu. Kinachokufa mapema kwa joto mara nyingi ni saketi ndogo iliyo kwenye kitako. Nimefungua nyingi zilizozimika, na nyingi zilitoka kwenye taa zenye kifuniko kilichozibwa kabisa. Usiifungie balbu mahali pasipopita hewa, isipokuwa pakiti imeruhusu.

Tyubu za zebaki, zile taa ndefu za fluoresenti, usizirundike stoo: nchi za Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kukomesha utengenezaji wake ifikapo mwisho wa 2027. Unapoweka tyubu ya LED, soma maelekezo. Baadhi hutaka choki, kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu ya zamani, iondolewe. Zima swichi kuu kwanza, tafadhali.