AC ya nyuma ya Noah haitoi upepo? Anza na umeme
Kama mbele inapoza fresh ila nyuma hamna upepo kabisa, usikimbilie kujaza gesi bwana, gesi ni ileile inazunguka mbele na nyuma, hapo mara nyingi ni umeme. Hakikisha swichi ya nyuma umewasha kwanza (watoto wanaichezea sana hiyo), halafu cheki fyuzi ya feni, ikiwa imekatika weka ya ampea zilezile, ukiunga na waya utaunguza gari. Fyuzi nzima? Chomoa plagi ya feni upime na testa, umeme na ethi (upande wa hasi) vikifika na feni bado haizunguki basi feni imekufa. Inazunguka spidi kubwa tu, hiyo rizista (kile kifaa kinachopunguza spidi ya feni) ndiyo imekufa. Upepo upo ila wa moto, muachie fundi AC, ile gesi ina presha usiifungue mwenyewe.