Kurekodi Shakespeare chuoni kwa simu tu

Kama chuoni kwenu kuna kikundi kinachofanya mazoezi ya Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya tamthilia ya Shakespeare, usisubiri siku ya maonyesho ndipo urekodi. Sauti tamu ziko kabla: mtu anayekariri maneno ya Shailoki, yule mkopeshaji fedha wa tamthilia, kwenye ngazi za bweni, viti vikiburutwa, mwenzake akimkumbusha mstari huku anacheka. Omba ruhusa kwanza, halafu waache wazoee simu yako.

Simu iweke hali ya ndegeni, uilaze juu ya kanga iliyokunjwa, maana meza huguna kila ikiguswa. Isogeze hadi mkono mmoja kutoka kwa msemaji. Feni zima, hata kama kuna joto. Mngurumo wake ukishaingia hautoki kirahisi. Nje kwenye upepo, visha maikrofoni soksi nyembamba (safi, tafadhali).

Kabla hamjatawanyika, rekodi nusu dakika ya ukumbi ukiwa kimya. Wakati wa kuhariri, kimya hicho ndicho kitaziba mapengo kati ya vipande bila msikilizaji kushtuka.